Unataka Kwenda Wapi, Mwalimu?

Kwa miezi minne baba yangu alikuwa na maneno mawili tu. La kwanza lilikuwa "sawa". La pili lilikuwa "chuo".

"Sawa" lilikuwa jibu la kila kitu. Unataka chai? Sawa. Ama uji? Sawa. Unaumwa wapi? Sawa. Lakini "chuo" lilikuwa langu. Alilisema akinitazama machoni, uso umemkunjamana, mara nyingi tukiwa wawili tu chumbani. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, nikiwa nimebakisha mihula mitatu, na mzee alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka 31. Sikuhitaji mkalimani. Nikilisikia hilo neno nilitoka nje, nikaenda kuangalia ng'ombe ambaye hakuwa na haja ya kuangaliwa.

Nataka kueleza jinsi tulivyomchagulia baba kifaa cha kutembelea baada ya stroke. Nitafika huko. Lakini siwezi kueleza kifaa bila kueleza hilo neno.

Tunamwita Mwalimu. Kijiji kizima kinamwita hivyo, mathe pia, hata sisi watoto. Alifundisha Kiswahili na hesabu katika shule tatu za Imenti Kusini, na nyumbani aliongea nasi Kiswahili sanifu kana kwamba mkaguzi amejificha nyuma ya kabati. Angesoma aya hii angeweka duara jekundu kwenye "mathe".

Kiharusi kilimpata Jumapili moja, Novemba 2024, akifunga kamba za viatu aende kanisani. Alikuwa na miaka 62. Mkono wa kulia ukaachilia kamba, mdomo ukaenda upande, na alipojaribu kumwita mathe ikatoka sauti tu. Shirika la Kiharusi Duniani linasema mtu mzima mmoja kati ya wanne atapata stroke maishani mwake. Mwalimu alikuwa na presha na dawa alikuwa nazo. Alizimeza siku ambazo kichwa kilimuuma, kama mtu anayemeza Panadol. Presha haiumi, hilo ndilo tatizo lake.

Damu iliziba upande wa kushoto wa ubongo. Upande huo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio unaoshika lugha pia. Kwa hiyo stroke moja ilichukua mguu, mkono na Kiswahili chote kwa siku moja. Kimeru kilienda nacho. Alielewa tukiongea, karibu yote. Kilichofungwa ni mlango wa kutokea.

Alikaa hospitalini Meru, kisha akarudi nyumbani, na mtaalamu wa fizio akamsimamisha. Kufikia Januari alikuwa anatembea kwa fimbo, lakini unyayo wa kulia ulikuwa umekufa. Ukitembea, kuna misuli mbele ya ugoko inayoinua vidole ili visikwaruze chini. Huifikirii kamwe. Yake ilikuwa haipokei amri. Basi aliuzungusha mguu mzima kwa nje, kama mlango wa geti, ili vidole vipite. Na kulikuwa na jambo la pili ambalo mimi sikuliona: misuli ya nyuma, ile ya shavu la mguu, ilikuwa inakaza yenyewe na kuuvuta unyayo chini na ndani, hadi akawa anakanyagia ukingo wa nje.

Mimi naishi Embu, karibu na Kangaru, kwa bedsita. Naandika makala za kulipwa kwa neno: godoro bora, mikoba bora, vidokezo kumi vya hiki na kile, kwa tovuti za watu ambao sijawahi kuwaona. Kazi imepungua siku hizi. Lakini kutafuta vitu mtandaoni ni kipaji changu, na nikawaza, hapa sasa ndipo mtoto aliyeacha shule atafaa. Nikatafuta. Nikagundua kwamba kuna vifaa vya kushikilia unyayo na kifundo. Wataalamu huviita AFO. Mathe anakiita "plastiki". Mimi nitakiita gango.

Nililoagiza lilikuwa la rafu, yaani limetengenezwa tayari kwa saizi ndogo, ya kati na kubwa. Plastiki nyembamba inayopita chini ya unyayo, ikapanda nyuma ya kisigino kama jani, ikafungwa kwa mkanda chini ya goti. Shilingi 4,500 na likaletwa Nkubu kwa matatu. Nilimvalisha mwenyewe.

"Liko poa, Mwalimu?"

"Sawa."

"Halikubani?"

"Sawa."

Video nilipiga. Nikaituma kwa dada yangu aliye Dallas, ile ya Texas, si Dallas ya Embu, naye akatuma emoji za kulia kwa furaha. Siku ya tano Mwalimu alianguka kwenye mtaro nyuma ya jikoni. Unyayo ulijikunja ndani, ile plastiki nyembamba ikajikunja nao, akaenda chini upande wa kulia ambao hauna mkono wa kujikinga. Hakuvunjika kitu. Tulipomvua soksi tulipata malengelenge mawili juu ya mfupa wa kifundo ambayo hakuwa ameyasikia. Uwezo wa kuhisi ulikuwa umepungua upande ule.

Sikuuziwa kitu kibovu. Nilinunua kitu kizuri cha mguu wa mtu mwingine. Nilikuwa nimeuliza maswali ambayo jibu lake lilikuwa lazima liwe "sawa".

Mwezi Machi jirani yangu mmoja wa ploti akaniambia kuhusu fundi wa hapa Embu, mwanamke, anayetengeneza magango na miguu ya bandia. Nikamleta Mwalimu akae kwangu wiki mbili. Ni kama kilomita 130 kutoka Meru hadi Embu, na sisi tuko njiani. Alikaa kiti cha mbele cha matatu kimya, gango la zamani ndani ya mfuko wa plastiki mapajani.

Bedsita yangu haikujengewa watu wawili. Choo na bafu ni chumba kimoja, choo ni cha kuchuchumaa, na mlango una ngazi moja ya kupanda. Mchana nilimpeleka, nikamshika kwapani, sote tukitazama ukutani. Usiku wa pili alilowesha godoro. Asubuhi nikaenda supamaketi nikanunua nepi za watu wazima, nikazifunga ndani ya gazeti ili kea-teka asizione. Nilipomvalisha hakusema "sawa". Hakusema chochote.

Karakana ya fundi inanuka vumbi la plasta. Ukutani kumening'inia miguu, mingine midogo kabisa. Alimsalimia Mwalimu kwanza, akaniambia nikae kwenye stuli ya kona.

Kwa karibu nusu saa hakugusa kifaa chochote. Alimvua viatu na soksi zote mbili. Akaushika unyayo wa kulia kwa kisigino, akaupandisha polepole, goti likiwa limenyooka, halafu tena goti likiwa limekunjwa. Kisha akaupandisha kwa haraka, na mguu ukaanza kudunda wenyewe mkononi mwake, tak tak tak, kama umeshtuka. "Umeona?" akaniambia bila kugeuka. "Polepole unakubali. Haraka unapigana." Akamkalisha ukingoni mwa benchi, akamwambia anyooshe goti, naye akalisukuma chini kwa kiganja apime nguvu za paja. Akamtembeza peku, huku akimtazama kutoka nyuma, kisha kutoka pembeni. Mwisho akachukua lile gango langu la 4,500, akaligeuzageuza.

"Hili ni zuri," akasema. "Lakini si la mguu huu."

Akaweka matatu juu ya meza.

La jani, kama letu: linainua vidole na kazi yake inaishia hapo. Linamfaa mtu ambaye unyayo wake umelegea tu. Mguu unaovuta ndani unalishinda.

La pili lilikuwa gumu, plastiki nene inayofunika nyuma yote ya mguu na kuja mbele ya vifundo vyote viwili. Hapo ndipo siri ya haya magango yote, akasema, akipitisha kidole ukingoni: ukikata plastiki nyuma ya kifundo, inapinda. Ukiiacha ije mbele ya kifundo, haipindi. Sentimita chache tu. Hili linazuia unyayo usijikunje ndani, na kwa kuzuia ugoko usiende mbele ovyo linasaidia hata goti. Ubaya wake ni kwamba kifundo hakisogei kabisa. Kupanda mlima ni shida, kushuka ni shida, kuinuka kitini ni shida.

La tatu lilikuwa na bawaba kwenye kifundo. Linazuia vidole kuanguka lakini linaruhusu ugoko uinamie mbele. Mtu anatembea kama mtu. Lakini kazi ya kushikilia goti inamrudia mwenyewe.

"Na ya kaboni?" nikauliza. Nilikuwa nimesoma. Dada alikuwa ameahidi kulipa. Nyepesi, nyeusi, inarudisha nguvu ukikanyaga, watu wanakimbia nayo kwenye video.

"Inafaa sana kwa mwenye mguu wa kuifaa," fundi akasema. "Nyingi huja zimeshatengenezwa. Plastiki nikikosea naipasha moto naisogeza, kaboni ikikuchubua ndiyo imekuchubua. Na mguu unaojipinda hivi utaipinda nayo." Halafu akaongeza, kwa upole, "Wewe unachagua gango. Mimi bado sijajua mzee anaenda wapi."

Nikafikiri ananiuliza mimi. Nikaanza: yaani, atembee tu, nyumbani, kanisani, labda shambani...

Akainua mkono. Akavuta stuli akakaa mbele yake.

"Mwalimu, ukirudi nyumbani, ni wapi unataka kwenda peke yako, bila mtu kukushika?"

"Sawa," Mwalimu akasema.

"Hiyo najua. Ni wapi?"

Akanyamaza. Akanitazama. Uso ukakunjamana vile vile ninavyoujua.

"Chuo."

Niliona aibu mbele ya mgeni. Nikaanza kueleza kwamba mzee ana hasira na mimi kwa sababu niliacha masomo, kwamba hilo ndilo neno analo... Fundi hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amempa ile penseli ya kuchorea alama kwenye plasta na kipande cha boksi. Mwalimu akaishika kwa mkono wa kushoto kama mtoto wa chekechea. Akachora mstari unaoteremka. Chini ya mstari akachora boksi jembamba, refu. Kwenye boksi akachora mlango. Juu ya mlango akatia tundu dogo la hewa, lenye umbo la almasi.

Tundu hilo lilikatwa na yeye mwenyewe, nikiwa darasa la nne. Nililishikia mbao.

"Ni choo," nikasema.

Mwalimu akapiga penseli juu ya boksi mara tatu. "Chuo. Chuo. Chuo."

Ulimi wake ulikuwa unabadilisha irabu moja. Ni hilo tu. Kwa miezi minne alikuwa ananiomba nimpeleke choo, na mimi nilikuwa natoka nje nikijihurumia. Usiku ule wa godoro alikuwa amelisema mara mbili, saa tisa, gizani. Nilisikia vizuri. Niligeukia ukuta nikasema, "Mwalimu, tutaongea kesho."

Fundi alitoka akaenda kuangalia kitu ambacho nadhani hakikuwa na haja ya kuangaliwa.

Aliporudi alikuwa na maswali ya kazi, na nilishukuru. Choo ni cha shimo? Cha kuchuchumaa? Njia ni ya udongo? Inateremka kiasi gani? Usiku kuna taa? Nikajibu yote. Kisha akaeleza jambo ambalo sikulikuta popote katika kusoma kwangu kote, maana walioandika wana vyoo vya kukaa.

Kuchuchumaa ni kazi ya kifundo. Jaribu sasa hivi: ukichuchumaa bila kuinua kisigino, ugoko unaenda mbele sana juu ya unyayo. Gango gumu haliruhusu hilo hata kidogo. Ukilivaa na kujaribu kuchuchumaa, utaanguka kinyumenyume. La bawaba linaruhusu kiasi, lakini goti la Mwalimu lilikuwa bado dhaifu. "Nikimpa bawaba leo," fundi akasema, "goti litamwachia akiwa pale pale juu ya shimo."

Kwa hiyo la jani lilimwangusha, gumu lingemnyima choo, la bawaba lingemwangushia chooni, na la kaboni lilikuwa ndoto yangu mimi.

"Basi tufanyeje?"

"Tunatengeneza gumu. Ndani yake naweka bawaba, lakini sizikati. Zitakaa zimefungwa ndani ya plastiki. Paja likipata nguvu, mnarudi, nachukua msumeno, nalifungua. Na nyinyi mkifika nyumbani mnatafuta seremala, anatengeneza kiti juu ya lile shimo, na vyuma au mbao za kushikilia. Nusu ya gango la mzee litatengenezwa na seremala."

Akamgeukia. "Mwalimu, tufanye hivyo? Gumu kwanza, na kiti?" Akainua vidole gumba viwili, kimoja juu, kimoja chini, achague. Mwalimu akagusa cha juu. Halafu, kwa kuwa ndiye yeye, akasema pia: "Sawa."

Kupima ni kazi ya plasta. Alimvalisha soksi nyembamba ya pamba, akaweka alama kwa penseli kila mahali mfupa unapojitokeza, kwa sababu hapo ndipo ngozi huchubuka. Akalaza ukanda mrefu mbele ya ugoko wa kukatia baadaye, akauzungusha mguu bandeji za plasta zilizolowa, na akaushikilia unyayo kwa pembe aliyoitaka hadi ukakauka. Mkono wake haukutikisika. Akakata, akauvua kama ganda. Ndani ya ganda hilo humiminwa plasta nyingine, inatoka sanamu ya mguu. Sanamu huchongwa, hasa kuongezwa pale penye mifupa ili plastiki isiguse. Kisha bamba la polipropilini linapashwa moto ndani ya oveni hadi linakuwa angavu, linafunikwa juu ya sanamu likiwa laini kama chapati, na pampu inafyonza hewa hadi linashika kila umbo. Linapoa likiwa jeupe tena. Kisha msumeno, sandpepa, mikanda.

Mikanda nayo ilikuwa na hesabu. Fundi alimwomba Mwalimu afunge na kufungua mbele yake, kwa mkono wa kushoto peke yake. Alishindwa. Akahamisha pete za mikanda ili ziwe zinavutwa kuelekea mkono unaofanya kazi. "Kifaa ambacho lazima uvalishwe na mtu," akasema, "hakikupeleki popote peke yako."

Bei ilikuwa 14,000. Dada alituma yote na akanuna kidogo kuhusu kaboni. Fundi aliniambia pia nimsajili Mwalimu kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lile lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, kwa kuwa lina mfuko unaosaidia watu kupata vifaa. Sikuwa nimewahi kufikiria baba yangu ndani ya maneno hayo. Nilimtazama kama atakasirika. Alikuwa anajaribu mikanda.

Hatua za kwanza hazikuwa muujiza. Usitarajie video. Alitembea polepole kuliko alivyokuwa anatembea bila kitu, kwa sababu hakuliamini. Lakini mguu ulienda mbele moja kwa moja, haukuzunguka kama geti, na kisigino kilitua kwanza. Tafiti zinasema hivyo hivyo: gango linalofaa huboresha kutembea na kusimama wakati umelivaa. Halitibu ubongo. Ukilivua, mguu ni ule ule, mazoezi ni yale yale.

Viatu vilitusumbua siku mbili. Gango linaingia ndani ya kiatu, kwa hiyo mguu wa kulia unahitaji saizi kubwa, wa kushoto saizi yake. Tulizunguka mitumba hadi tukapata raba za aina moja, saizi 43 na 44, tukanunua pea zote mbili. Muuzaji alidhani nimechanganyikiwa. Na kisigino kisiwe kirefu. Gango limepimwa kwa urefu fulani wa kisigino, na ukiweka viatu vya kanisani vyenye kisigino cha juu, ugoko wote unasukumwa mbele na goti linajikunja. Mwalimu anaenda kanisani na raba. Amezoea.

Wiki ya kwanza alivaa saa moja, akavua, tukaangalia ngozi. Wekundu unaoondoka ndani ya nusu saa si shida. Usipoondoka, rudi kwa fundi. Tulirudi mara moja, akapasha moto sehemu ya kifundo cha nje, akaisukuma kidogo, ikaisha. Kwa mtu ambaye mguu wake hausikii maumivu, macho ndiyo yanayosikia.

Tulirudi nyumbani Jumamosi. Runyenjes, Chuka, halafu ule mteremko wa Daraja la Nithi ambapo matatu nzima hunyamaza na hata wasioomba huomba. Dereva alishuka kwa gia ndogo. Tulipofika ng'ambo Mwalimu akasema, kwa sauti, "Sawa!" na watu wote wakacheka, pamoja na yeye.

Seremala alimaliza kwa siku mbili. Kiti cha mbao chenye tundu, mikono miwili ya kushikilia, 3,200 na chai. Kaka yangu akachonga ngazi tano kwenye udongo, tukamwaga kokoto, tukafunga reli ya blugamu kutoka mlango wa jikoni hadi mlango wenye almasi, upande wa kushoto wa kwenda. Kurudi, reli inakuwa upande wake mbaya. Hilo tuliligundua siku ya kwanza, Mwalimu akiwa amesimama chooni akiitazama reli, kisha akitutazama sisi. Tukafunga ya pili.

Nimeulizwa na watu watatu sasa, wote wenye mzazi aliyepata stroke, ni gango gani wanunue. Jibu langu linawaudhi. Nawaambia wasinunue kwanza. Wampeleke mtu apimwe akiwa peku. Waende na viatu vyake. Wapige picha ya choo, ya ngazi, ya njia ya mvua. Na wamuulize yeye, kwa njia anayoweza kujibu: picha, kidole, penseli. Mtu akisema "sawa" kwa maswali kumi mfululizo, hajakubali mara kumi.

Sijui kama nimesamehewa zile usiku. Si jambo analoweza kuniambia, na mimi ndiye mwenye maneno, nami sijapata ya kulisemea. Nilimwomba msamaha mara moja, kwa Kiswahili sanifu kabisa, nimekijipanga kichwani. Akanisikiliza hadi mwisho. Unajua alichosema.

Desemba nilikuwa nyumbani. Saa tisa usiku nikasikia kitanda chake kikilia. Kisha kimya kirefu cha mtu anayevaa kitu kwa mkono mmoja. Mkanda ukanata, ukabanduliwa, ukanata tena. Inamchukua kama dakika nne. Mathe alimwekea chupa ya haja ndogo chini ya kitanda, akaitupa dirishani, haijarudi. Mlango wa jikoni. Fimbo, raba, fimbo, raba, kokoto. Kwenye chumba cha pili nilijua mathe yuko macho kwa jinsi alivyokuwa ameacha kukoroma. Hakuna aliyeinuka. Nilihesabu ngazi. Bawaba bado hazijakatwa, fundi amesema Februari atapima paja tena. Mlango wenye almasi ukafungwa.

Ni muda mrefu sana, kumsubiri mtu arudi kutoka choo. Alirudi.

Asubuhi tulikuwa wawili mezani, uji katikati. Akanitazama, uso ukakunjamana.

"Chuo."

Nikaanza kusimama nimletee fimbo. Akatikisa kichwa. Nikakaa.

"Choo ama chuo, Mwalimu?"

Akainua mkono wa kushoto, akaninyooshea kidole kifuani, akakiacha hapo.

Mihula mitatu. Nilitazama uji. Yeye akasubiri, kama alivyokuwa akisubiri darasani, hana haraka, siku nzima ni yake.

"Sawa," nikasema.

Mzee akacheka hadi akashika meza. Hakuna mtu nchini Kenya anayejua kumshinda yeye kwamba neno hilo laweza kumaanisha chochote.